Kisambazaji cha Zamani, Elektroniki Mpya: Somo Kuhusu Ujumbe na Kinachoubeba

Katika vilabu vya kurusha ndege ndogo za modeli, hasa Uingereza, Ujerumani na Marekani, wako watu wenye kazi ya pekee. Mtu huchukua kisambazaji cha redio kilichotengenezwa miaka ya 1960, 1970 au 1980, hukifungua, hutoa elektroniki zake zilizochoka, hutia mpya, kisha hukifunga tena. Kwa nje kinabaki kile kile: sanduku la bati, vijiti viwili, jina la kampuni mbele, antena juu. Kwa ndani kinaongea na ndege kwa mawimbi ambayo watengenezaji wake hawakuyakusudia.

Kwa fundi, hiyo ni kazi ya waya na lehemu. Kwetu sisi wa kitivo cha lugha ni pia mfano ulio wazi wa swali tunalolikuta katika tafsiri na katika isimu: ni kitu gani katika mawasiliano kinachoweza kubadilishwa bila ujumbe kubadilika? Makala hii inaeleza kazi yenyewe kwa mpango, na kila inapofaa inaonyesha mpaka kati ya ujumbe, msimbo unaouandika na njia inayoubeba. Hoja yake ni moja. Anayeujua mpaka huo atapata chombo salama. Asiyeujua anaweza kupata chombo kinachofanya kazi vizuri mezani, halafu kikamdhuru mtu uwanjani, maana ndege ya modeli yenye kilo kadhaa na injini inayozunguka si mchezo wa watoto.

1. Majina ya sehemu

Kifaa tunachokizungumzia, watu wengi wa kwetu Kongo wangekiita telekomande, na watu wa Dar es Salaam wangekiita rimoti. Majina yote mawili ni mazuri, lakini yanakitaja kifaa kizima kwa kazi yake ya kuamuru kwa mbali. Katika somo hili tunahitaji kukigawa.

Kisambazaji ni kile anachoshika rubani aliyesimama chini. Kipokezi ni kile kilichomo ndani ya ndege. Sevo ni mota ndogo yenye mkono, ambayo hupokea amri kutoka kwa kipokezi na kusukuma usukani au kibawa. Kijiti ni fimbo fupi inayosukumwa na kidole gumba. Chini yake kuna potenshometa, yaani rezista inayogeuzwa, ndugu ya ile inayoongeza na kupunguza sauti katika redio ya nyumbani. Kijiti kikisogea, potenshometa hutoa volti tofauti.

Kati ya kijiti na antena kuna sehemu mbili ambazo hazifai kuchanganywa. Ya kwanza ni kisimbaji, kinachogeuza volti za vijiti kuwa mfuatano wa mapigo. Ya pili ni redio yenyewe, inayopandisha mapigo hayo juu ya wimbi. Wengi tunakijua kisimbuzi, kile kisanduku cha televisheni ya kulipia. Kisimbaji ni mwenzake anayefanya kazi kinyume. Lugha imetusaidia hapa: simba na simbua zimefuata njia ya funga na fungua, ziba na zibua. Kiambishi cha kutendua kinasema peke yake kwamba kazi iliyofanywa upande mmoja lazima itenduliwe upande wa pili, la sivyo hakuna mawasiliano.

2. Kisambazaji cha zamani kinasemaje

Kuamuru chombo kwa redio si jambo geni. Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo inayoongozwa kwa mawimbi huko New York mwaka wa 1898, na mwaka huo huo akapewa hataza yake. Lakini vyombo vya wapenzi wa modeli vilibaki na msamiati mdogo kwa muda mrefu. Katika vingi vya miaka ya 1950, rubani alikuwa na kitufe kimoja: akibonyeza, usukani unakwenda upande mmoja kabisa, akibonyeza tena, unakwenda upande wa pili kabisa. Hakukuwa na "kidogo" wala "zaidi kidogo".

Mageuzi yalikuja katika miaka ya 1960, udhibiti wa uwiano ulipoenea: kijiti kikienda robo, usukani unakwenda robo. Miongoni mwa waliovieneza vyombo hivyo Marekani ni Phil Kraft, ambaye alikuwa mtengenezaji na pia rubani, bingwa wa dunia wa michezo ya angani ya modeli mwaka wa 1967. Ujerumani, Graupner na Grundig walitoa Varioprop. Baadaye kampuni za Japani kama Futaba, Sanwa na JR zikajaza soko.

Vyombo hivi vilikuja kutumia msimbo wa aina moja, unaojulikana kwa herufi PPM. Kanuni yake ni nyepesi. Kisambazaji hutoa alama fupi, kila moja kama milisekunde 0.3. Muda unaopita kutoka mwanzo wa alama moja hadi mwanzo wa ile inayofuata ndio amri. Milisekunde 1.5 hivi ni katikati. Karibu na 1 ni mwisho wa upande mmoja. Karibu na 2 ni mwisho wa upande mwingine. Amri ya kijiti cha kwanza ikiisha, ya pili huanza, halafu ya tatu na ya nne. Zikiisha zote, hufuata kimya kirefu, kisha mzunguko unaanza upya. Mzunguko mzima huchukua milisekunde 20 hivi, kwa hiyo ndege huambiwa jambo lile lile, au jambo jipya, mara 50 kwa sekunde.

Tuchukue chombo cha amri nne. Hata vijiti vyote vikiwa mwisho wa juu, amri zinachukua milisekunde 8. Zinazobaki 12 ni kimya. Kimya hicho kina kazi: ndicho kinachomwambia kipokezi, "sasa naanza tena, hesabu kutoka moja". Bila kimya hicho, kipokezi hakiwezi kujua pigo lipi ni la usukani na lipi ni la injini.

Hapo mwanafunzi wa sarufi anaona jambo analolijua. Katika msimbo huu pigo halina jina. Halibebi alama yoyote inayosema "mimi ni usukani". Maana yake inatoka katika nafasi yake tu, kama katika sentensi ya Kifaransa Jean aime Marie, ambapo anayependa na anayependwa wanatambulika kwa mpangilio peke yake. Kiswahili kina njia ya pili. Tunaweza kusema "mama amenunua kitabu", tukaweza pia kusema "kitabu amekinunua mama", na hakuna atakayedhani kwamba kitabu ndicho kilichokwenda dukani, kwa sababu a- na -ki- zimeshataja nani ni nani. PPM haina viambishi vya namna hiyo. Mfuatano ukivurugika, maana yote imevurugika.

3. Kwa nini kibadilishwe

Sababu ya kwanza ni uzee. Visambazaji vingi vilitumia betri nane za nikeli na kadimi, jumla volti 9.6. Zikiachwa miaka mingi huvuja alkali, na alkali hiyo hula bati, huingia katika waya wa shaba na kuugeuza mweusi ndani ya plastiki, mahali ambapo jicho halifiki. Waya kama huo hupitisha umeme leo na kesho ukakataa.

Sababu ya pili ni mawimbi. Vyombo hivyo vilitumia masafa ya megahezi 27, baadaye 35 kwa ndege Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, na 72 kwa ndege Marekani. Kila kisambazaji kilikaa juu ya chaneli moja, iliyopangwa na kipande cha kioo ndani yake. Watu wawili wakiwasha chaneli moja kwa wakati mmoja, ndege moja au zote mbili zinaanguka. Ndiyo maana vilabu viliweka ubao wenye vibanio: huwashi redio mpaka umeshika kibanio cha chaneli yako. Megahezi 27 zilikuwa na taabu zaidi, kwa kuwa redio za mawasiliano za watu binafsi zilisongamana hapo hapo. Marekani, utaratibu mpya wa chaneli nyembamba uliokamilika mwaka wa 1991 uliweka chaneli 50 za ndege katika megahezi 72, na visambazaji vingi vya zamani, ambavyo wimbi lake lilitapakaa sana, havikuweza kuingia humo.

Kisha yakaja mawimbi ya gigahezi 2.4. Kuanzia mwaka wa 2005, Spektrum walipotoa chombo chao cha DX6 kwa ndege ndogo, wapenzi wa modeli walianza kuhamia huko. Redio hizi hazikai juu ya chaneli moja ya mtu mmoja. Baadhi huruka kutoka sehemu moja ya masafa hadi nyingine mara nyingi kwa sekunde, nyingine hutandaza ishara yao. Kila kisambazaji kina namba yake, na kipokezi hufungamanishwa nacho kikajifunza kusikiliza namba hiyo tu. Ubao wa vibanio ukakosa kazi.

Mtu atauliza: basi kwa nini asinunue kipya? Jibu liko mikononi. Rubani aliyejifunza kwa kijiti fulani ana miaka mingi ya mazoea katika vidole vyake: uzito wa springi, urefu wa fimbo, mahali pa kile kijiti kidogo cha kurekebisha. Tena ndege ya muundo wa mwaka wa 1965 inayorushwa kwa kisambazaji cha mwaka wa 1965 ni sehemu ya historia inayoonekana ikifanya kazi, si ya kuwekwa kabatini.

4. Kinachobadilika na kisichobadilika

Roman Jakobson, katika mchoro wake maarufu wa mwaka wa 1960, alitaja vipengele sita vya mawasiliano: mtumaji, mpokeaji, ujumbe, msimbo, muktadha, na mguso, yaani njia inayowaunganisha wawili hao. Tukiuweka mchoro huo juu ya meza ya fundi, unatupa njia tatu za kufanya kazi.

Njia ya kwanza inabadilisha mguso tu. Kisimbaji cha zamani kinabaki. Redio yake inakatwa umeme, na mapigo ya PPM yanapelekwa katika moduli mpya ya gigahezi 2.4. Mara nyingi mapigo hayo yanapatikana tayari katika tundu la mafunzo, lile ambalo mwalimu na mwanafunzi waliunganishia visambazaji viwili kwa waya. Njia hii inawezekana kwa sababu PPM ilidumu: moduli nyingi za kisasa bado zinaielewa. Ni kama lugha ya soko. Haitoshi kwa kila jambo, lakini wageni wawili wakikutana nayo wanauziana.

Njia ya pili inabadilisha mguso na msimbo. Kisimbaji cha zamani kinatolewa pia, na mahali pake panawekwa kompyuta ndogo ya chipu moja, kwa mfano ubao mdogo wa aina ya Arduino. Hii inasoma vijiti moja kwa moja na kuandika mapigo upya, au inaandika msimbo wa kisasa zaidi. Kinachobaki ni sanduku, vijiti na swichi.

Njia ya tatu ni kuchukua matumbo yote ya kisambazaji kipya na kuyahamishia katika sanduku la kale. Unapata skrini, kumbukumbu za ndege nyingi na programu huria kama EdgeTX. Lakini sanduku lazima litobolewe, na mara nyingi hairudi nyuma.

Katika njia zote tatu ujumbe ni ule ule: mkono umesema "kushoto, robo". Watu wa klabu wenye busara huongeza sharti moja ambalo mhariri wa hati za kale atalikubali: usifanye lisilotenduka. Ubao wa zamani haukatwi vipande. Unafunguliwa skrubu, unawekwa katika mfuko wenye maandishi, na mfuko unakaa na chombo.

5. Kazi yenyewe

Tufuate njia ya pili, kwa kuwa ndani yake zimo hatua nyingi za ile ya kwanza.

Anza kwa kutazama. Toa betri za zamani kabla ya jambo lolote. Penye unga wa kijani au mweupe, safisha kwa siki au maji ya limau ili kuua alkali, halafu kwa spiriti, kisha kausha. Waya uliogeuka mweusi usiusafishe, ubadilishe wote.

Pili, chora kabla ya kukata. Piga picha, funga kikaratasi katika kila waya, andika rangi yake na unakotoka na unakokwenda. Fundi asiyechora ni kama mtafiti anayerekodi masimulizi bila kuandika jina la msimulizi: atakuwa na data, lakini hataweza kuitumia.

Tatu, pima vijiti. Potenshometa nyingi za vyombo hivi zina omu 5,000 hivi. Tenganisha waya zake, weka mita, sogeza kijiti polepole. Namba zikipanda bila kurukaruka, njia yake ya kaboni ni nzima. Zikiruka, isafishe au uibadilishe, maana kila mruko mezani ni mtikisiko angani.

Nne, panga umeme. Betri mpya hupitia kirekebishi kinachotoa volti 5 tulivu. Vijiti vipewe umeme kutoka katika volti ile ile ambayo kompyuta inaitumia kama kipimo. Hivyo, hata volti hiyo ikishuka kidogo, kijiti na kipimo vinashuka pamoja na uwiano unabaki. Ni kanuni ndogo, lakini inaondoa matatizo mengi.

Tano, andika kisimbaji kipya. Hapa kuna mtego wa hesabu. Arduino ya kawaida inagawa volti zote katika ngazi 1,024. Lakini potenshometa inazunguka kama nyuzi 270 kwa jumla, na kijiti kinaizungusha nyuzi 60 hivi tu. Basi kijiti kinatumia kama ngazi 230, na usukani unatembea kwa vihatua. Rubani mzoefu anavisikia vidoleni. Dawa ziko mbili: kuweka potenshometa iliyotengenezwa kwa mzunguko mfupi, au kuongeza chipu ya kusoma yenye ngazi 4,096, ambapo kijiti kitapata ngazi 900 hivi. Wengi hutia pia kapasita ndogo katika waya wa kijiti na kuchukua wastani wa vipimo kadhaa ili kutuliza kelele. Programu lazima ikumbuke kwa kila kijiti namba tatu: mwisho wa chini, katikati, mwisho wa juu. Bila namba hizo, kijiti kilichoachwa katikati kitasema "katikati karibu".

Wale wanaofuata njia ya kwanza wana kazi yao hapa. Mapigo ya kisimbaji cha zamani yanaweza kuwa na volti 9, wakati moduli mpya inataka 5 au 3.3 tu, kwa hiyo volti zigawanywe kwa rezista mbili. Pia baadhi ya vyombo hutoa alama zinazopanda na vingine zinazoshuka. Transista moja inatosha kuzigeuza.

Sita, weka redio na antena. Wimbi la megahezi 27 lina urefu wa mita 11, ndiyo maana antena ya zamani ni ndefu na bado ilihitaji koili ya kuisaidia. Wimbi la gigahezi 2.4 lina sentimita 12.5, na robo yake, inayotosha kwa antena, ni sentimita 3. Lakini sanduku la bati ni ukuta kwa wimbi hilo. Antena mpya lazima itoke nje. Wengi huipitisha katika tundu la antena ya zamani, na wengine huificha ndani ya bomba la plastiki lenye sura ile ile. Usiwashe moduli kabla ya kuiunganisha na antena, kwa kuwa unaweza kuiunguza. Tumia moduli iliyoidhinishwa na usizidishe nguvu zake. Barani Ulaya kikomo cha kawaida katika masafa hayo ni milliwati 100.

6. Mfuatano na lahaja zake

Tumesema kwamba katika PPM nafasi ndiyo maana. Sasa tatizo: kampuni hazikukubaliana kuhusu nafasi. Katika desturi ya Futaba, amri ya kwanza ni ya vibawa vinavyolaza ndege upande, ya pili ni ya kuinua au kushusha pua, ya tatu ni ya kasi ya injini, ya nne ni ya usukani. Katika desturi ya JR na Spektrum, kasi ya injini ndiyo ya kwanza.

Fikiri kisimbaji cha desturi moja kinachopeleka mapigo kwa kipokezi cha desturi nyingine. Kila pigo ni sahihi, kila muda ni halali, hakuna kosa lolote ambalo mashine ingeweza kuliona. Lakini rubani akilaza ndege kulia, injini inaunguruma. Ndiyo maana jaribio la kwanza hufanywa rafadha ikiwa imetolewa: sogeza kijiti kimoja baada ya kingine, tazama kitu gani kinajibu na kwa upande gani. Lahaja mbili zinaweza kutumia maneno yale yale na bado zisielewane. Sisi tunaozunguka kati ya Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu na cha vitabu tunajua hilo bila kufundishwa.

7. Kimya, kelele na uongo uliofikishwa vizuri

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na hapa ndipo kisambazaji kilichobadilishwa kinatofautiana na kipya cha dukani.

Kipokezi cha zamani kilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: hakikuweza kupambanua maneno na kelele. Ishara ikipotea, kelele za angani ziliingia na kusomwa kama mapigo, na sevo zikacheza ovyo. Redio za kisasa hutuma amri ndani ya kifurushi chenye namba ya kisambazaji na tarakimu za ukaguzi zilizohesabiwa kutokana na amri zenyewe. Kipokezi kinahesabu upya. Majibu yasipolingana, kifurushi kinatupwa.

Upatanisho wa ngeli unafanya kazi inayokaribiana na hiyo. Katika "kile kitabu chekundu kilichopotea kimepatikana", maneno matano yote yanabeba alama ya ngeli moja. Neno moja likimezwa na kelele za barabarani, mengine yanashuhudia. Kuna tofauti ya kukumbuka: upatanisho mara nyingi humsaidia msikilizaji kulirudisha neno lililopotea, lakini tarakimu za ukaguzi katika kazi hii hutambua tu kwamba kuna kosa. Hazilitibu.

Vifurushi vikikosekana kwa muda fulani, kipokezi huingia katika hali ya usalama iliyopangwa mapema: kwa kawaida injini inashuka hadi mwisho. Katika maneno ya Jakobson, mguso umekatika na mpokeaji ametambua kwamba umekatika. Hiyo ni zawadi kubwa ya elektroniki mpya.

Lakini zawadi hiyo inalinda mguso tu. Tuseme ndani ya sanduku la zamani waya wa kijiti cha injini, ule uliogeuka mweusi, unakatika. Potenshometa inakosa upande mmoja wa umeme, volti inaruka hadi mwisho, na kompyuta inasoma: "injini, nguvu zote". Inaliandika hilo vizuri. Moduli inalifunga katika kifurushi safi, tarakimu za ukaguzi zinalingana, kipokezi kinatii. Hali ya usalama haiamki, kwa kuwa mawasiliano ni mazima. Ni uongo uliofikishwa vizuri.

Kwa sababu hiyo kisimbaji kipya kinahitaji ulinzi wake. Programu ikisoma namba iliyo nje ya mipaka ya kijiti, isiiamini: ipige kengele, na kwa kijiti cha injini ipeleke amri ya chini kabisa. Kwa njia ya kwanza kuna jaribio jingine la lazima. Rafadha ikiwa imetolewa, washa kila kitu, kisha chomoa waya wa PPM unaoingia katika moduli. Moduli nyingine hunyamaza, na kipokezi kinaingia katika hali ya usalama. Nyingine huendelea kurudia amri ya mwisho kana kwamba mtumaji bado yupo. Ukiwa na ya aina hiyo, usiiamini katika ndege.

Mwisho fanya jaribio la umbali. Moduli nyingi zina hali ya nguvu ndogo kwa ajili hiyo, na mara nyingi umbali wake ni kama hatua 30. Fuata maelezo ya mtengenezaji. Geuka pande zote, kisha zima kisambazaji kwa makusudi na uhakikishe injini inashuka. Hapo tu rafadha inarudishwa.

8. Hitimisho

Kubadilisha kisambazaji cha zamani ni kazi ya kutafsiri katika maana iliyo karibu kabisa na neno hilo. Ujumbe wa mkono unatolewa katika msimbo na njia moja, unatiwa katika nyingine, na lazima ufike bila kuongezwa wala kupunguzwa. Tumeona kwamba makosa yake si ya aina moja. Kuna kosa la mguso, ambalo mashine mpya inalitambua. Kuna kosa la mfuatano, ambalo mashine hailitambui lakini jicho linalitambua mezani. Na kuna kosa la chanzo, ujumbe ulioharibika kabla ya kusimbwa, ambalo hakuna usafi wa njia unaoweza kulirekebisha.

Katika masomo yetu ufundi mara nyingi huachiwa Kifaransa. Somo hili limehitaji maneno machache ya kuazima, kama sevo na moduli, na mengi yaliyokuwa tayari nyumbani. Lililo gumu halikuwa kupata majina. Lilikuwa kuamua ni vitu gani viwili visivyopaswa kuitwa kwa jina moja, na uamuzi huo ni kazi ya lugha yoyote inayotaka kufundisha.

Maswali ya majadiliano

Swali la 1: Kama ungebuni msimbo wa mapigo unaotumia alama za aina ya viambishi ngeli badala ya mfuatano, ungepata faida gani, na ungelipa gharama gani ya muda katika milisekunde 20?

Swali la 2: Eleza, kwa mfano wa mkalimani mahakamani, tofauti kati ya kosa la mguso na kosa la chanzo. Lipi mkalimani anaweza kulitambua peke yake?

Swali la 3: Kusanya kutoka kwa mafundi wa redio wa mtaa wako maneno wanayotumia kwa kulehemu, rezista, waya na kapasita. Ni yapi yametoka Kifaransa, ni yapi Kiingereza, na ni wapi neno moja linabeba vitu viwili ambavyo fundi mwenyewe anavipambanua?